Trizah Kadzo Pola na Vikebe vya Moshi vya Msitu wa Mirihini

Marehemu Trizah Kadzo Pola alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 kijijini Ganda, nje kidogo ya Malindi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati mzee Pola Kazungu, mrina asali, na mama Sidi. Wa pili na wa mwisho ni Kazungu, ndiye huyu anayewasomea leo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ganda kuanzia 1988 hadi 1995. Akiwa darasa la sita, bendera ilinasa juu ya mlingoti, shule nzima imesimama gwarideni. Kabla mwalimu mkuu hajaamua la kufanya, Kadzo alikuwa ameshafika juu, ameinasua na anateremka. Watoto walimpigia makofi, kisha akapewa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima. Alifagia bila kununa. Alisema ni haki yake, maana hakuomba ruhusa.

Aliacha masomo kidato cha pili, mwaka 1997, baba alipoanguka kutoka juu ya mti wa mrihi akavunjika nyonga. Kadzo alizichukua kamba za baba na kurina asali badala yake. Tangu hapo hakupanda mti wowote kabla ya kuijaribu kamba mara tatu.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na Gerishom Thoya wa Ngomeni, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi. Mungu aliwajalia Charity na Mwaro. Gerishom hakuweza kumtazama mkewe akipanda. Aliupa mti mgongo na kuuliza, "Umefika?" Naye Kadzo alimjibu, "Bado, baba Charity, endelea kugeuka."

Mwaka 2022 kikundi cha wanakijiji wanaolinda msitu wa Mirihini kililetewa vitambuzi vya moshi. Ni vikebe vidogo, kiasi cha mche wa sabuni, vyenye kioo cha kunasa jua. Kikinusa moshi, hutuma ujumbe kwenye simu. Kadzo alichaguliwa kuvifunga mitini, navyo ni sabini na sita. Alikataa misumari. Alitumia mikanda, na kila mwaka alirudi kuilegeza kadiri mti ulivyonenepa.

Kijijini wengi walisema ni kamera za kuwakamata watu. Mara mbili alikuta kikebe kimepasuliwa kwa jiwe. Barazani alisimama akasema, "Kikebe hiki hakimjui mtu. Kinajua moshi tu."

Mzee mmoja akamwuliza, "Na moshi wa nduguyo, je?"

Kadzo alikaa chini. Kazungu alikuwa akichoma makaa humo msituni, na dada yake alijua.

Ijumaa tarehe 16 Februari 2024, saa nane mchana, upepo wa kaskazi ukivuma kwa nguvu, simu ya Kadzo ililia. Kikebe cha thelathini na moja. Msimamizi wa zamu akampigia: "Hicho kimetudanganya mara mbili wiki hii. Kiache."

Lakini asubuhi hiyo Kadzo alikuwa amemwona Kazungu akishika njia ya upande ule, shoka begani, na hakumwambia mtu. Alimpigia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Akiwatajia walinzi jina la nduguye, atafungwa. Asipomtaja, hakuna atakayejua kwamba kuna mtu ndani. Alimpigia tena msimamizi. "Si uongo. Ndugu yangu Kazungu yumo. Anachoma makaa. Leteni watu wote." Kisha akachukua kamba, akakimbia.

Tanuri la makaa lilikuwa limepasuka na nyasi zote zimeshika moto, nao uko kati ya Kazungu na njia. Moshi ulikuwa mzito hata Kazungu alikuwa hauoni mkono wake mwenyewe.

"Kazungu!"

"Sioni pa kutokea, dada!"

Siku ile hakuijaribu kamba. Alipanda mrihi ulio karibu hadi akauona moto wote, akaanza kumwongoza. "Kulia! Kulia tena! Usikimbie na upepo, moto utakufuata! Ruka hapo, ni pembamba!" Alikohoa, akaita, akakohoa, akaita. Hakuteremka mpaka Kazungu alipotokea, na wakati huo moto ulikuwa umefika shinani. Aliteleza kwa kamba, viganja vikachunika. Kikosi cha walinzi kilifika na mapanga, kikafyeka njia ya kuukata moto, na kabla ya jua kutua ulizimwa. Ziliungua ekari nne.

Mahakamani Kadzo aliulizwa, "Mshtakiwa ni nani kwako?" Alijibu, "Ni ndugu yangu, tumbo moja," kisha akasema yote aliyoyajua. Kazungu alifungwa miezi mitatu, akatoka, na kwa miezi mitano mingine hakumwamkia dada yake. Siku moja Kadzo alimfuata nyumbani, akamwekea kamba mikononi. "Sina wa kunishikia chini. Twende." Walikwenda.

Mwezi Machi 2025 alianza kubanwa na kifua. Alitibiwa Malindi, kisha Mombasa, mapafu yakawa yanazidi kukakamaa. Kazungu alimwuliza daktari kama ni ule moshi. Daktari alisema hawezi kujua. Kadzo alifariki Jumanne tarehe 13 Januari 2026, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Siku tatu kabla, alisema: "Mtanizika wakati wa kiangazi. Msiuache msitu peke yake kwa ajili yangu." Ndiyo maana wenzake sita wa kikosi hamwaoni hapa. Saa hii wako Mirihini.

Ameacha mume wake Gerishom, watoto wake Charity na Mwaro, mama yake mzazi, na ndugu yake Kazungu, aliye hai kwa sababu yake.

Mola ampokee Kadzo wetu, na ampe pumziko lenye amani.