Mmoja Kati ya Watatu: Maisha ya Marehemu Brenda Ramsden

Marehemu Brenda Ramsden, aliyekuwa hakimu wa kujitolea katika mji wetu wa Hebthorpe, kaskazini mwa Uingereza, alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Machi 1941. Alikuwa mtoto wa pili wa Wilfred Crossley, fundi mitambo wa kiwanda cha sufu, na mkewe Annie.

Alisoma shule ya kanisa la Methodisti hadi mwaka 1956, kisha akaingia kiwandani kama wasichana wote wa mtaa wake. Kazi yake ilikuwa kutandaza kitambaa mezani na kukipapasa kwa vidole, akitafuta uzi uliokatika. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1971 akawa mpishi wa shule, na baadaye mkuu wa jiko, mpaka alipostaafu.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Harold Ramsden, dereva wa basi, wakajaliwa watoto wawili, Janine na Keith.

Mwaka 1983 mwalimu mkuu alimshawishi aombe nafasi ya uhakimu. Brenda alicheka. "Mimi? Mimi wa viazi na kastadi?"

"Ndiyo, wewe," Harold akamwambia. "Hao wanasheria wenyewe hata basi langu hawajawahi kupanda."

Aliapishwa Septemba mwaka huo. Hakulipwa chochote ila nauli. Nyumbani Harold hakuacha kumtania: "Mheshimiwa, nyama imeungua. Nikate rufaa wapi?"

Mahakimu wa kujitolea hukaa watatu watatu. Karani aliyesomea sheria huwaeleza sheria, nao huingia chumba cha nyuma kuamua. Mle ndani aliye mgeni kuliko wote ndiye huanza kusema, na mwenyekiti humaliza, ili mdogo asimfuate mkubwa kwa woga. Brenda aliipenda desturi hiyo kuliko kitu kingine chochote cha mahakamani. Alisema ni vyema mtu ahukumiwe na muuza viatu, mwalimu na mpishi wanaobishana mpaka chai inapoa, kisha wanarudi kuishi mtaa mmoja naye. Wakigawanyika, wawili humshinda mmoja. Mwenyekiti husoma uamuzi kwa niaba ya wote, na nani alisema nini hubaki chumbani.

Novemba 1994 Brenda akiwa mwenyekiti, aliletwa mbele yao Stuart Naylor, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwana wa Sheila wa nyumba ya nne kutoka kwake. Kwa kuwa walijuana, Brenda alisimama akasema hafai kuisikiliza kesi hiyo. Wakili wa Stuart akanong'ona na mteja wake, kisha akajibu kwamba hawana pingamizi. Stuart mwenyewe alisema kwa sauti, "Abaki. Yeye ananijua." Karani akaridhia, Brenda akaketi. Hilo ndilo kosa lililomfuata maisha yake yote.

Stuart alidaiwa kumpiga muuza duka chupa ya kichwa. Mahakimu walikaa chumbani muda mrefu. Waliporudi, Brenda alisoma: ana hatia, miezi minne gerezani. Stuart alimtazama yeye peke yake. Alipotoka gerezani hakupata kazi, na majira ya baridi yaliyofuata alikutwa amekufa ndani ya mfereji.

Mwaka 1998 mtu mwingine alikiri kwamba chupa ile aliirusha yeye. Hukumu ikafutwa. Wiki hiyo Sheila alibisha mlango wa Brenda.

"Ingia, Sheila. Birika liko motoni."

"Chai yako siitaki. Nataka neno moja tu. Mle ndani mlikuwa watatu. Kulikuwa na hata mmoja aliyemwamini mwanangu?"

"Tuliamua pamoja."

"Mlichoamua nilikisikia, ulikisoma mwenyewe! Nauliza kama hakuwa peke yake."

Brenda alishika kizingiti. "Nikikwambia wewe leo, kesho atakayekaa mle atasema kwa kuwaogopa majirani, si kwa anachokiamini."

"Basi kaa na chumba chako," Sheila akasema, akaondoka.

Mahakimu wenzake wawili wa siku ile walikufa mmoja baada ya mwingine, jibu likabaki kwake peke yake. Janine alimsihi ajiuzulu. "Nikitoka mimi ataletwa mtu wa mbali," alijibu, "naye akikosea hatamwona mama mtu kwenye foleni ya mkate." Aliendelea mpaka mwaka 2011, alipotimiza umri wa mwisho wa kazi hiyo. Mara nyingi jioni aliacha kufuma akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. Harold aliacha kumuuliza ni nani.

Harold alifariki mwaka 2014. Oktoba 2018 Brenda aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Januari, Sheila alitokea wodini na koti lake likichuruzika maji ya mvua.

"Hata sasa husemi?"

"Tulikuwa watatu, Sheila."

"Mkaidi we. Jisogeze, nikae."

Alirudi kila siku, akamchana nywele, akamsimulia habari za Stuart alipokuwa mdogo. Alasiri moja alimwomba Janine atoke, akafunga mlango. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na uso wake haukusomeka. Janine alimuuliza mama amesema nini.

"Mle ndani tulikuwa wawili," Sheila akajibu, akavaa koti lake.

Brenda aliaga dunia Jumanne, tarehe 12 Februari 2019. Ameacha watoto wawili, Janine na Keith, wajukuu watatu, dada yake, Marjorie, na Sheila Naylor, aliyeomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya familia.

Apumzike sasa, mahali ambapo hakuna wa kumuuliza tena.