Mama Kilo na Fishi Zilizorudi Annexe

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi, Citoyenne, yaani Mwananchi, Kunda, mtunza takwimu wa kituo cha utafiti wa afya ya watoto cha chuo kikuu chetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1988. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, tena niufanye mchangamfu. Nitajitahidi, ingawa moyo wenyewe sina. Mimi, Yuma, karani wa hesabu, nimekaa naye chumba kimoja tangu nilipoajiriwa.

Anaondoka na mali moja tu ya kituo, kwa ruhusa ya wakubwa: fishi ya binti yake, Régine. Fishi ni karatasi ngumu ya kuandikia vipimo vya mtoto mmoja, na kwa bei haifikii hata andazi. Hata hivyo kutoka kwake katika droo ndilo jambo gumu kuliko yote ya kustaafu huku, kwa Mama Kunda na kwangu pia.

Mama Kunda ni binti wa mfanyakazi wa reli wa Kongolo. Alianza kazi 1967, utafiti wetu ulipoanza. Tulitaka kujua watoto wa Lubumbashi wanakuaje, hivyo tukawapima uzito kila mwezi katika makundi mawili: watoto wa kambi ya wafanyakazi wa shaba, ambao baba zao walipewa posho ya unga na samaki, na watoto wa Annexe, mtaa wa pembezoni mwa mji, ambao baba zao walikula walichokipata. Yeye alikwenda Annexe kwa baiskeli, mizani ikiwa imefungwa nyuma. Aliitundika kwenye boriti ya mlango, mtoto akatiwa ndani ya kaptula ya turubai, akalia, akaandikwa. Akina mama wa huko hawakujali cheo chake kilivyoandikwa na chuo. Walimwita Mama Kilo, na hata barua za mkuu wa kitivo siku hizi humwita hivyo kwa kujisahau.

Kabla ya kwenda kwa watoto wa watu, mizani ilihitaji kujaribiwa. Alimleta wake. Ndiyo maana fishi ya kwanza katika droo ya Annexe ni ya Régine, na ndiyo maana baadaye, Régine alipofariki kwa surua mwaka 1969, kabla hajatimiza miaka miwili, tulikuwa tayari na uzito wake wote. Mama Kunda alimaliza kilio, akarudi kazini, akachora mstari kwenye vijumba vilivyobaki tupu, akairudisha fishi mahali pake. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa na waliokuwapo.

Niseme sasa ya kuchekesha, maana niliagizwa. Penseli yake hakumwazima mtu, hata mkuu wa chuo. Droo zake zilinuka nafthalini kiasi kwamba koti langu la harusi, nililolitundika humo chumbani asubuhi moja tu, lilimfanya bibi harusi apige chafya mbele ya padri. Alifuga paka wa kuwinda panya, akampa cheo cha Mkaguzi Msaidizi, na mwisho wa mwezi alilalamika kwamba paka huyo analipwa kwa wakati kuliko sisi. Mtafiti mmoja mgeni alipotaka kuzibeba droo zote akazinakili kwao Ulaya, Mama Kunda alimwekea kiti na sinia la maandazi, akamwambia anakili hapohapo. Mgeni alinakili. Aliponenepa tukajua kazi inaendelea vizuri.

Alikuwa na sheria moja ya nakala: aliyenakili asome alichoandika kwa sauti, na yeye afuate kwa kidole kwenye fishi yenyewe. Kosa moja, unaanza upya. Mimi nilianza upya mara nyingi.

Mwaka 1971 alikuja bironi, ofisini kwetu, Mama Adija, mama wa Kimaniema aliyeuza vitambaa Annexe. Mwanawe alikuwa amefariki. Kanuni za utafiti zilisema takwimu ni za watafiti peke yao. Mama Adija hakuomba nyingi. Alisema, "Mama Kilo, hata foto yake sina. Unisomee tu kilo zake, nisikie." Mama Kunda alimketisha kwenye benchi la dirishani akamsomea, mwezi baada ya mwezi, tangu kilo tatu za kwanza. Mama Adija alisikiliza ameinamisha kichwa, akashukuru, akaenda. Habari zikafika Annexe kabla yake, na tangu hapo benchi lile halikukaa wazi muda mrefu. Alipoulizwa na wakubwa, Mama Kunda alijibu kwamba kilo ya mtoto ni ya mama yake. "Université inaazima tu," alisema.

Mwaka uliofuata sote tuliacha majina yetu ya ubatizo tukachukua ya Kiafrika, kama serikali ilivyoamuru. Afisa mmoja alikuja kuhakikisha kwamba hata fishi zimesahihishwa. Mama Kunda alizibadilisha zote kwa wino, isipokuwa za waliofariki. "Bazima babadilishe," alimwambia. "Bale balikufa, utabauliza wapi?" Afisa alivua kofia, akajikuna, akaandika kwamba kazi imekamilika. Kwa hiyo jina la Régine bado ni Régine, na kama kuliandika hapa ni kosa, naomba lihesabiwe kuwa langu.

Kisha ukaja uhaba wa karatasi. Shaba ilikuwa imeporomoka bei, wanafunzi walifanya mitihani nyuma ya karatasi za zamani, na uongozi wa kituo wa wakati ule uliamua kwamba fishi zisizokamilika zikatwe zitumike kuandikia. Fishi isiyokamilika ni ya mtoto ambaye hakufikisha miaka mitano ya kupimwa. Baadhi walikuwa wamehama. Wengi walikuwa wamekufa. Mama Kunda hakugombana. Aliomba azirudishe kwa wenyewe, akaruhusiwa, kwa kicheko. Alizunguka Annexe nzima, parsele kwa parsele, yaani ua kwa ua, akimwekea kila mama fishi ya mwanawe mkononi na kumwambia kwamba hii sasa ni yako, hakuna atakayekuja kuidai. Ya Régine aliiacha kwenye droo. Alisema hapo ndipo anapomwamkia kila asubuhi.

Sasa nieleze jambo ambalo bado linaniumiza, kwa kuwa hesabu zilipita mikononi mwangu. Tulichora mchoro kwa fishi zilizobaki, na mistari miwili ikakutana: mtoto wa Annexe akaonekana mzito karibu sawa na mtoto wa kambi. Tulifurahi. Mchoro ukapelekwa mjini, na ofisi iliyokuwa ikifikiria kuipa Annexe zahanati ikaona haina haraka, maana watoto hawajambo. Walikuwa hawajambo kwa sababu tulikuwa tumebaki na walio hai tu. Wale wepesi, waliokuwa wakipungua mwezi hadi mwezi kabla ya kuzikwa, walikuwa wametoka ndani ya hesabu.

Aliyeliona ni Profesa Mumba, kiongozi wa utafiti. Alikwenda kumzika mtoto wa dereva wetu huko Annexe, akatazama makaburi madogo yalivyojipanga, akarudi kazini na udongo mwekundu kwenye viatu. Alimwomba Mama Kunda fishi za waliokufa. Hapo Mama Kunda alibanwa. Alikuwa amewaahidi akina mama kwamba hakuna atakayekuja kuzidai. Bila fishi zile, zahanati hakuna, na watoto wengine wangefuata. Akizidai, atakuwa amemchukua kila mtoto kwa mama yake mara ya pili.

Hakuzidai. Alichukua fishi mpya, penseli zake na mimi, tukaenda kuketi katika kila ua. Mama alileta fishi yake, nyingine kutoka sandukuni katikati ya nguo za kitoto, nyingine ikiwa imefungwa kwa plastiki juu ya kabati. Mama Kunda hakuigusa kama hakupewa. Mimi niliandika, kisha nikasoma kwa sauti, na mama mwenyewe, au ndugu yake anayejua kusoma, akafuata kwa kidole. Feza, mama wa mapacha waliokufa wote wawili, alikataa. Mama Kunda alimshukuru kwa chai, tukaondoka. Kesho yake Feza alikuja bironi kwa miguu, akakaa kwenye benchi na fishi mbili mapajani. "Muandike," alisema, "lakini haziwezi kulala hapa." Hazikulala.

Mistari ilipochorwa upya iliachana tangu umri wa miezi sita, na wa Annexe ukazama. Profesa Mumba aliupeleka mchoro mjini mwenyewe. Zahanati iliyopatikana ni chumba kimoja na nesi wa siku za Alhamisi. Ni kidogo, tena kimechelewa, sitapamba. Mizani inayotundikwa pale ni ile ya Mama Kilo. Na chuo chetu, nadhani peke yake, kina droo nzima ya nakala ambazo fishi zake zenyewe ziko Annexe, kwa akina mama.

Imebaki fishi moja. Jumatatu iliyopita Mama Kunda alifungua droo, akanipa fishi ya Régine, akaniomba niinakili, kwa kuwa anahamia shambani kwake Annexe na hawezi kumwacha mtoto peke yake kazini. Niliandika polepole. Nilipomaliza nilitaka kumpa nakala kimya kimya, lakini sheria ni sheria. Alichukua fishi, na badala ya kurudi mezani kwake akaenda kuketi kwenye benchi la dirishani, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuketi. Aliwasomea akina mama wengi kiasi hicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsomea yeye.

Nilimsomea. Kilo tatu na gramu mia mbili. Kilo nne. Kilo tano na nusu. Kidole chake kilifuata. Tulifika mwezi wa mwisho, nikausoma nao. Akasema, "Iko sawa, baba." Akaifunga fishi ndani ya kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, akaiweka kifuani.

Mama Kilo, tunakushukuru, na tunakuombea uzeeni afya, mahindi mengi na majirani wema, ambao tayari unao. Mkaguzi Msaidizi tutamlisha. Nakala ya Régine iko ya kwanza katika droo ya Annexe, na ukija siku yoyote, tutakusomea.