Kete Zilizomponyoka Sindano

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kinyozi, ubao wa drafti na birika la kahawa. Sheria ni moja tu: kete ikikuponyoka mkononi, imeliwa. Asubuhi hiyo Sindano, fundi cherehani wetu, aliponyokwa na kete tatu mfululizo, akadai mkono wa kulia umekufa ganzi ghafla. Mimi ninayeshona viatu hapo pembeni nilikuwa wa kwanza kumcheka.

WEMBE (kinyozi): Ganzi gani? Unaogopa kingi yangu! Hiyo nayo imeliwa.

SINDANO: Siuhisi, jamani. Labda niende kwa daktari.

MAJIRA (fundi saa): Daktari wa nini? Umeulalia huo. Mkono ni kama saa, ukisimama unatikiswa.

Akautikisa. Ukaanguka pajani, pu!

MWALIMU (mstaafu): Kisayansi, mcheza drafti akifikiri sana, damu yote hupanda kichwani.

WEMBE: Kwa huyu? Basi imepanda ikakuta nyumba tupu!

MAJIRA: Mi nasema umegoma. Miaka ishirini unashika mkasi! Upe likizo.

MWALIMU: Mchochezi ni wa kushoto. Mfunge kamba huyo, wa kulia ataona wivu, ataamka mwenyewe.

SINDANO: Hoshpi... hoshpitali...

WEMBE: Ona, hata ulimi anaulegeza! Haraka haraka haina baraka, bwana. Kunywa kahawa.

Akanywa kwa mkono wa kushoto. Nusu ikamtiririka kidevuni, nasi tukacheka hadi benchi likalia.

Ndipo akafika mama mmoja aliyefuata gauni lake kwa Sindano. Gauni hakulitaja. Alimtazama fundi wake usoni.

— Huu mdomo umeanza kupinda saa ngapi?

Tukageuka. Kweli, ulikuwa umepinda. Muda wote huo sisi tulikuwa tukikodolea macho mkono.

— Nauliza, saa ngapi? Hospitali watataka kujua hilo kwanza! Mkono ukifa ganzi ghafla, mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito, mnangoja nini tena?

Wembe akatimka kusimamisha teksi. Mimi na Mwalimu tukambeba Sindano. Majira, mwenye saa nne mkononi, zote zikitembea, alizitazama moja moja, akitafuta iliyoona kete ya kwanza ikianguka.