Jina Lililo Chini ya Ukurasa wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, bibi yetu, ambaye wengi mlimwita Bibi Herufi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1934, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1942, akaondolewa darasa la nne akiwa wa kwanza darasani, kwa kuwa zamu ya kusoma ilikuwa ya kaka zake.

Januari 1947 alipelekwa kukunja karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, na huko, kwa kuchungulia tu, akajua kupanga herufi za madini ya risasi, zinazosomwa kinyumenyume, hata mwaka 1953 gazeti lililodai tujitawale likamwajiri. Tarehe 6 Agosti 1955 aliolewa na seremala aliyemtengenezea masanduku ya herufi, wakajaliwa watoto wanne.

Sheria ya mkoloni ilitaka kila gazeti lioneshe jina la mchapaji chini ya ukurasa wa mwisho, ili serikali ijue pa kubisha hodi. Juni 1957, mhariri alipoandika makala kali juu ya kodi, mwenye mtambo aliingiwa na hofu, akakataa jina lake kutumika, ndipo bibi akapanga la kwake, herufi moja moja, akijua ana mimba ya miezi miwili.

Afisa wa polisi alipofika alimwambia, "Mama, mwite mumeo." Akajibu, "Mume wangu hajui hata herufi A inalala sanduku gani. Aliyechapa ni mimi."

Mhariri alifungwa miezi mitatu, akatoka akibebwa mabegani. Bibi, kwa kukataa kutaja wenzake, alifungwa miezi tisa, akajifungulia gerezani shangazi yetu aliyeketi hapo mbele, akatoka na mtoto mgongoni, na langoni hakumkuta mtu ila seremala wake. Mhariri alipata uwaziri na barabara yenye jina lake, na kitabu cha miaka hamsini ya uhuru kikaweka picha ya bibi, chini yake wakaandika "msaidizi". Aliposomewa alicheka mpaka akakohoa, akauliza, "Huyu msaidizi alimsaidia nani kufungwa?" Sisi hatukucheka.

Mwaka 2014 alianza kuugua mapafu, akalazwa mara nne, na tarehe 3 Juni 2016, saa tatu asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka themanini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana zamu za kumuuguza, na wachapaji wenzake wawili waliobaki, waliofika leo kwa mikongojo. Ofisi ya gazeti imeleta shada lenye utepe ulioandikwa "msaidizi". Maua tumeyapokea, utepe tumeurudisha.

Karatasi mlizoshika zimechapwa na familia. Tazameni chini ya ukurasa wa mwisho, ndugu zangu, pale ambapo mkoloni alilikuta jina la bibi na watu wake mwenyewe wakalipoteza. Lipo, kamili, na mbele yake tumeandika neno moja: Mchapaji.

Pumzika kwa amani, bibi, kazi yako imesomeka.