Mbombo Kabedi, Muuguzi Aliyekataa Kuficha Kosa la Mashini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tuongee taratibu. Mama Mbombo Kabedi ametutoka. Alikuwa muuguzi hapa Kolwezi. Tulimzika Jumamosi, na watu walijaa barabara ya Kapata hata pikipiki za taksi zikasimama.

Mbombo alizaliwa mtaa huohuo wa Kapata. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mgodi, mtu wa Kasai. Mwaka wa tisini na tatu, kampuni ya mgodi ikiwa imeanguka, Wakasai walifukuzwa Katanga kwa kuitwa wageni. Familia yake ilitolewa nyumbani, ikalala kituo cha treni ikingoja behewa. Hapo mdogo wake, Mianda, akashikwa na kuhara. Jirani mmoja, muuguzi Mkatanga, alikuja na serumu, maji ya kutia mshipani, huku vijana wakimtukana kwa kusaidia Wakasai. Alikaa na mtoto mpaka akafungua macho.

Mianda anatuambia juu ya dada yake mkubwa: "Yaya alisema palepale, 'Na mi nitafanya ile kazi.'"

Alisomea uuguzi Mbuji-Mayi, kisha akarudi Kolwezi, mji uliomfukuza. Watu walishangaa. Akawajibu: "Hapa njo kwetu. Mi niende wapi?"

Akapata kazi katika kliniki moja ya binafsi. Kliniki hiyo ilinunua pompe za dawa zilizounganishwa na mtandao. Pompe inasukuma dawa mshipani, na skrini ofisini inaonyesha kiasi. Neno la siri lilikuwa lilelile la kiwandani. Fundi alionya. Hakuna aliyelibadilisha. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: hakuna aliyelibadilisha.

Asubuhi moja wahalifu wa mtandao wakaingia, wakavuruga pompe. Skrini ilionyesha kila kitu sawa. Lakini Mbombo alimwona Tata Kisimba, mchimbaji wa zamani wa mgodi wa Mutoshi aliyetoka kupasuliwa, akipumua kwa shida. Dawa ya maumivu ilikuwa inamiminika kupita kiasi.

"Mufunge zote! Mashini inadanganya!" alipiga kelele.

Wagonjwa wengine walipona. Tata Kisimba alifia mikononi mwake.

Wakubwa wakamwita. Wakamwambia aseme moyo wa mgonjwa ulisimama wenyewe. Mbombo akatoka, akamkuta Valérie, binti wa marehemu, barazani.

Valérie anakumbuka: "Alikaa chini na mi. Akasema, 'Mwana wangu, haiko moyo. Ni mashini. Tuliacha mulango wazi, batu babaya bakaingia.' Nililia. Nilimukasirikia hata yeye. Alibakia tu, alinishika mukono."

Alifukuzwa kazi. Akatolewa pia katika nyumba aliyopewa na kliniki. Mume wake, Tata Beya, anasema walikuwa wanafunga mizigo: "Akaniuliza, 'Beya, batanifukuza mara ngapi?'"

Familia ya Kisimba haikunyamaza. Mwishowe kliniki ilikiri. Pompe zikaondolewa kwenye mtandao, maneno ya siri yakabadilishwa. Mbombo hakurudishwa kazini. Aliendelea kuhudumia wagonjwa nyumba kwa nyumba, huko Musonoi, mpaka kiharusi kilipomchukua.

Jumamosi, aliyebeba msalaba mbele ya jeneza alikuwa Valérie.

Tata Beya, Mama Mianda, na ukoo wote, poleni sana. Kilio chenu ni chetu. Mungu ampokee mtumishi wake.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkimpeleka mgonjwa wenu hospitali, ulizeni nani analinda ile mashini iliyofungwa mkononi mwake. Na siku mashini hiyo itakapodanganya, ulizeni nani atakuwa na moyo wa kuwaambia.