Zima Kwanza na Mikwaruzo ya Gari Namba Sita

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa umeme wa magari katika karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye faili lake ana jina refu la heshima, lakini jina hilo hutumiwa na mhasibu tu. Sisi wengine tunamwita Zima Kwanza. Mimi, mtunza stoo, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya mkuu wa usafiri, hakuna aliyegombana naye kama mimi. Ni kweli, na mengi ya magomvi hayo nilishinda.

Karakana yetu hutunza magari ya wagonjwa. Kila gari lina redio ya upepo, ambayo kituo huitumia kumwambia dereva mgonjwa yuko wapi. Tatizo ni kwamba dereva akishakabidhiwa gari hulipamba kana kwamba anahamia humo na familia: feni ndogo, taa za rangi chini ya dashibodi, chaja, na mmoja aliwahi kufunga honi ya pili inayolia kama ng'ombe. Vyote hivyo hula umeme, na vingi huingiza kelele kwenye redio. Kisha dereva huyo huyo hufika karakana amekunja uso, analalamika kwamba redio inakwaruza na kwamba dawa yake ni redio mpya. Jibu alilopata lilikuwa moja kwa miaka yote thelathini na moja: zima kwanza.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Alizima kila kitu, akaacha injini ikiunguruma, akaiweka redio kwenye masafa yasiyo na sauti ya mtu, akafumba macho. Halafu aliwasha kitu kimoja kimoja na kusikiliza. Mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, alteneta inayochaji betri. Mkwaruzo unaokwenda na kurudi, mota ya waipa. Ukithubutu kukohoa wakati huo, alikutoa nje bila kufumbua macho. Mkuu wa usafiri mwenyewe amewahi kutolewa nje, tena akiwa na wageni wa wizara.

Alipompata mwizi wa sauti alikuja dirishani kwangu kudai kichujio cha kuzuia kelele, na mimi nilimwambia hakipo. Kilikuwepo. Lakini ukimpa Zima Kwanza vichujio siku moja, kesho yake stoo imebaki na panya tu. Alikuwa akivifunga hata kwenye magari ambayo hayajalalamika, kwa sababu, alivyosema yeye, yataanza.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa na mpaka rangi wa karakana. Redio haitulii kama waya wa ardhi haujagusa bati safi, kwa hiyo Zima Kwanza alichukua msasa na kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Mpaka rangi alipita nyuma yake na kupaka upya, maana hakusomea kazi yake ili magari yatoke na makovu. Mmoja anakwangua, mwingine anapaka, na gari katikati halijui limtii nani. Walisalimiana kila asubuhi kwa adabu zote, kisha kila mtu akaenda kuharibu kazi ya mwenzake.

Shemeji yetu, yaani mke wake, naye ana yake ya kusimulia. Siku moja mzee alikuwa akisikiliza mpira kwenye redio ya betri, mtangazaji akaanza kukwaruza. Akazima nyumba nzima ili amsake mchawi, akamkuta ni taa ya jikoni, akaibadilisha, akarudi kwenye mpira wake kwa furaha. Friji alilisahau. Shemeji aliporudi kutoka safari kesho yake jioni, harufu ilimpokea mlangoni. Anasema tangu siku hiyo akisikia neno zima, anakwenda kusimama mbele ya friji.

Hayo ni ya kuchekesha. Lipo moja ambalo halikuchekesha hata kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita madereva walianza kulalamika kwamba vitu vyao hupotea gari likiwa karakana. Mafundi wakaitwa wezi. Zima Kwanza, ambaye hasira zake hazihitaji kuwashwa, alidai kanuni mpya: gari lisiingie karakana mpaka dereva atoe kila kitu chake na kukikabidhi kwa mlinzi wa getini. Kanuni ikapita, kelele zikaisha, na yeye akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Wakati huo gari namba sita lilikuwa la Mama Breki. Tunamwita hivyo kwa sababu hupunguza mwendo kila palipo na shimo, ili mgonjwa asirushwe. Ni mjane, na nyumba nzima inamtegemea yeye. Basi kituo kikaanza kumlalamikia kwamba akiitwa haitiki. Ajabu ni kwamba yeye akiita, anasikika vizuri kabisa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba dada huyu anajua kuongea ila kusikia anachagua. Yeye alisema redio inakwaruza hata hasikii neno. Gari likaletwa, vitu vikaachwa getini, Zima Kwanza akafumba macho, akasikiliza. Kimya safi. Akasaini kwamba redio ni nzima. Likaletwa tena, akasaini tena. Na mara ya tatu pia.

Kisha maji yakazidi unga. Kituo kilimwita namba sita mara kadhaa akamchukue mzee aliyezidiwa, hakujibu, ikabidi litumwe gari la mbali. Mzee alipona, lakini wanawe walikuja juu. Mama Breki akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kila mtu alijua kikao hicho kilikuwa cha kumfukuza kazi. Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa saini tatu za Zima Kwanza.

Siku moja kabla ya kikao, Mama Breki alikuja karakana. Hakuja kuomba. Alisimama mbele ya benchi la Zima Kwanza akamwambia, "Kaka, mimi si mwongo," akageuka akaondoka. Nilikuwepo dirishani kwangu. Zima Kwanza aliweka bisibisi chini, na nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia.

Asubuhi iliyofuata alipanda namba sita kabla halijatoka, akamwambia Mama Breki afanye kila kitu kama kawaida na asitoe kitu garini. Redio ilikuwa safi mpaka barabara kuu. Hapo Mama Breki akachomeka simu yake kwenye chaja, kama afanyavyo kila siku, na redio ikalia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Zima Kwanza akachomoa chaja. Kimya. Akachomeka. Mafuta ya moto: kelele iliziba sauti inayoingia tu, si ile anayotoa yeye. Ilikuwa chaja ya bei poa iliyong'aa vizuri, zawadi ya mwanawe wa kwanza, aliyepata kazi akamnunulia mama. Ndiyo maana hakuwahi kuishuku. Na ndiyo maana karakana haikuwahi kuisikia: kila gari lilipoletwa, chaja ilibaki getini kwa mlinzi, kwa amri ya Zima Kwanza.

Alilileta gari moja kwa moja mpaka mlangoni pa kikao na kuwataka wanakamati wote waingie. Gari la wagonjwa halina viti vya kamati, kwa hiyo wawili walikaa benchi la muuguzi, katibu akachuchumaa, na mkuu wa usafiri, kwa kukosa pa kukaa, akajilaza kwenye machela na tai yake. Kituo kikaambiwa kiite. Chaja ikiwa nje, sauti ilikuja imenyooka. Chaja ikiwa ndani, hata jina la gari halikusikika. Wakarudia mpaka mkuu akasema inatosha.

Zima Kwanza hakuishia hapo. Akiwa ameinama chini ya paa la gari, alisema mbele ya wote kwamba kanuni ya getini ilikuwa yake, saini zilikuwa zake, na kwamba miaka yote alijisifu kwa kuzima kwanza bila kujiuliza nani ameshazima kabla yake. Kisha akamgeukia Mama Breki na kumwomba radhi. Mama Breki alilia. Mimi nilikuwa nimesimama nje na mpaka rangi, na wote wawili tuliingiwa na vumbi machoni kwa wakati mmoja.

Barua za onyo alizokuwa amepewa Mama Breki zilifutwa siku hiyo hiyo. Kanuni ikageuzwa: gari sasa huingia karakana na kila kitu chake, na kikipotea, fundi mkuu analipa. Hakijapotea kitu. Chaja ya mwanawe nayo haikutupwa. Ipo nyumbani kwa Mama Breki, imetundikwa ukutani, haichaji kitu.

Tangu hapo, kila asubuhi Mama Breki akiwasha gari huita karakana kabla ya kuita kituo, jambo ambalo utaratibu hauruhusu, na mkuu wa usafiri ameamua kutolisikia. "Karakana, namba sita hapa." Zima Kwanza huweka kikombe chini, hujibu, "Nakusikia, dada. Wewe je?" Naye husema, "Kama umekaa kiti cha nyuma." Basi. Siku ya kazi imeanza.

Kaka, asante kwa masikio yako. Asante kwa kuilaza stoo yangu na njaa ya vichujio, na kwa kumwachia mpaka rangi kazi ya kudumu. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mrefu wa mchana, na mpira usiokwaruza. Friji la shemeji liache kama lilivyo.

Wiki nzima mafundi wako wadogo wamekuwa wakigombania nani atakaa karibu na redio. Usiwe na wasiwasi. Jumatatu asubuhi, namba sita ikiita, tutaitika. Wewe lala.