Bwana Wiki Sita na Ukurasa wa Sitini na Moja

Ijumaa tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi wa plasta wa wodi yetu ya mifupa atatundika aproni yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba namba nne, na safari hii Jumatatu hataichukua tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, muuguzi mkuu wa wodi, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu eti hakuna mtu hospitalini aliyegombana naye kunishinda. Ni kweli. Tumegombana kila Jumatano kwa miaka kumi na saba, na karibu mara zote juu ya jambo moja: mtu wa kwenye hadithi akipigwa rungu, aumie kiasi gani?

Hilo nitalieleza. Tuanze na kazi.

Aliingia hapa akiwa msukuma machela. Wenzake walikuwa wakifikisha mgonjwa chumba namba nne na kuondoka. Yeye alibaki mlangoni akiangalia bendeji zinavyolowekwa na kuzungushwa. Fundi wa wakati huo, mzee mmoja mkali asiyependa watazamaji, alivumilia mwaka mzima, kisha akamkabidhi ndoo ili angalau asisimame bure. Mwaka uliofuata akamwachia pamba, baadaye bendeji, na mwishowe akamwandikia barua ya kwenda kozi. Alirudi na cheti na tabia yake ile ile ya kupima maji kwa kiwiko, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Plasta, huwaambia wanafunzi, haipendi maji ya moto wala mtu mwenye haraka.

Jina la Bwana Wiki Sita alipewa na wagonjwa. Kila aliyeingia aliuliza atapona lini, na kila mmoja alijibiwa vilevile. Kifundo cha mguu, wiki sita. Mkono, wiki sita. Mfupa wa paja, wiki sita, halafu tuzungumze. Siku moja mpishi wa jikoni alimuuliza birika la umeme litarudi lini kutoka kwa fundi, naye bila kuinua kichwa akasema wiki sita. Birika lilirudi baada ya siku arobaini na mbili kamili, na tangu hapo hakuna aliyembishia.

Wengi mtamkumbuka kwa ule msumeno wa kukatia plasta, unaopiga kelele za kutisha lakini haukati ngozi. Kabla ya kumgusa mtoto yeyote, aliuwasha na kuugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, ili mtoto aone kwamba hakuna damu. Alifanya hivyo pia kwa wanaume wazima wenye ndevu, ambao ndio waoga zaidi. Na kwa kuwa mganga hajigangi, sitaacha kutaja siku alipoanguka kutoka kwenye kigoda akitundika saa ya ukutani. Alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, akakataa msaada wetu, akajifunga plasta kwa mkono mmoja. Ilitoka nene kiasi kwamba shemeji yetu, mkewe, alilazimika kuchana mikono ya mashati matatu.

Sasa tuje kwenye Jumatano.

Miaka kumi na saba iliyopita wodi ilikuwa na wagonjwa saba waliolala chali, miguu imening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, wakihesabu vigae vya dari. Binti wa dada wa Bwana Wiki Sita alikuwa amemwachia mjomba wake kitabu cha mchezo wa mezani, ule wa kuigiza. Kwa msioujua: kila mchezaji anajitungia mtu wake kwenye karatasi, awe mlinzi, mwizi au mganga. Mmoja anakuwa msimulizi na kueleza kinachowakabili. Wengine wanasema watafanya nini, na dadu zinaamua kama wamefaulu. Hauhitaji kusimama wala kukimbia. Alisogeza vitanda vinne pamoja, akaweka meza ya chakula katikati, na saa tisa alasiri akaanza kusimulia.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya pili akasoma kanuni za mapigano. Kitabu kilisema mtu akipigwa shoka la bega, akilala usiku mmoja anaamka mzima. Alikuja ofisini kwangu ameshika kitabu kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula, akaniambia aliyeandika haya hajawahi kuona bega. Mwisho wa mwezi alikuwa na kanuni zake mwenyewe katika daftari gumu. Dadu ya kwanza ilisema umepigwa wapi, ya pili mfupa gani, ya tatu kama ngozi imepasuka, ya nne kama uchafu umeingia. Aliyevunjika mkono alikaa nje ya mapigano kwa muda ambao nadhani mmeshaukisia.

Mimi nilikuwa upande wa raha, na sikuficha. Watu hawa, nilimwambia, wana mifupa iliyovunjika ya kweli. Kwa nini uwavunjie na ya hadithi? Waache waruke kuta, wapige majambazi kumi kwa pigo moja, wapige chuku wafurahi. Tena kanuni zake zilikuwa ndefu ajabu. Mgonjwa mmoja aliinua upanga Jumatano moja, tukapiga hesabu za bega lake, upepo na uzito wa ngao, na kabla upanga haujatua daktari akamruhusu kwenda nyumbani. Hadi leo hatujui kama ulimpata mtu.

Bwana Wiki Sita alikuwa na jibu lake. Pigo lisiloumiza halimtishi mtu, na asiyetishika hafikiri. Lazima nikiri kwamba hapo alikuwa na hoja. Wachezaji wake walikuwa waangalifu kuliko wanadiplomasia. Walizunguka vichochoro, walibembeleza, walijificha, na kuna majambazi watatu ambao wachezaji waliwapa kazi ya ulinzi badala ya kupigana nao. Walipolazimika kupigana, wodi nzima ilinyoosha shingo dadu zikiviringika. Basi tukaendelea hivyo, yeye akiongeza kurasa, mimi nikimpunguzia, tukitukanana kwa heshima mbele ya wagonjwa waliotuona kuwa sehemu ya burudani.

Kisha, miaka tisa iliyopita, akaletwa dereva wa lori aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Alilala siku kumi na moja akitazama ukuta. Magongo yaliegemezwa karibu na kitanda na hakuyagusa. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kila asubuhi na kila asubuhi alijibiwa kwa mgongo. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akija na chupa ya chai, alinishika mkono kwenye korido akaniambia ndugu yake amekwisha sema hatatoka kitandani mle, na kwamba yeye anamjua, akisema amesema.

Kitanda chake kilikuwa jirani na meza ya mchezo, kwa hiyo alisikia apende asipende. Jumatano ya pili msimulizi wetu aliteremsha mkokoteni uliojaa magunia kwenye mteremko mkali, na sauti ikatoka ukutani ikisema mzigo ule ungepinduka. Bwana Wiki Sita, ambaye angeacha kula ili asahihishwe jambo la uzito, alimuuliza kwa nini. Dereva akageuka kumwelekeza. Kabla ya jioni alikuwa na karatasi yake na mtu wake, msafirishaji wa mikokoteni mwenye mdomo mchafu, na sisi wauguzi tulikuwa tukipeana ishara kwa macho.

Jumatano iliyofuata lango la ngome lilimwangukia yule msafirishaji. Dadu ya kwanza ikasema mguu. Ya pili ikasema mfupa umesagika. Ya tatu na ya nne zikawa mbaya vilevile. Bwana Wiki Sita akafunua ukurasa wa sitini na moja. Mstari ule alikuwa ameuandika miaka minane nyuma: mguu ukikatwa, mhusika anaondoka mchezoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuutoa.

Nilirukia mazungumzo. Nilisema msafirishaji amekutana na mganga mwenye maji ya ajabu, na kufikia jioni mguu umeota upya. Nilijiona mwema sana. Dereva alinitazama akasema, “Sista, usinioteshe mguu. Mimi si mjusi.” Halafu akamgeukia msimulizi na kumwambia asome kilichoandikwa. Akasoma. Dereva akauliza, “Anaondoka anakwenda wapi?”

Bwana Wiki Sita akasema hajui. Lilikuwa neno nililokuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Na kweli alikuwa hajui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ingawa katika wodi yangu, tafadhali, hakuna kunguni. Mikononi mwake ilipita mifupa inayoungwa. Mguu uliokatwa hauhitaji plasta yake. Mwenye mguu huo hupelekwa jengo la pili, kwenye karakana ya viungo bandia, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuvuka uwanja kuona kinachoendelea huko. Mtu alipotoka mlangoni kwake, kwenye daftari alikuwa ameondoka. Uhalisia aliojivunia kumbe ulikoma kwenye kizingiti cha chumba namba nne. Raha yangu nayo ilikuwa haijafika hata hapo.

Asubuhi yake aliomba likizo ya siku tatu akazimalizia zote jengo la pili, akiwauliza mafundi maswali hadi wakachoka naye. Jumatano akaja na kurasa nne mpya, akaketi pembeni ya kitanda cha dereva, akamwambia waziwazi kwamba ameandika kwa kusikia tu. Alikuwa ameandika kwamba msafirishaji atatembea hatua kumi kwa magongo siku ya kwanza. Je, ni kweli? Dereva akasema hajui, hajawahi kujaribu. Basi, akaambiwa, kanuni haiwezi kupita mpaka mtu ajaribu.

Kesho yake mtaalamu wa mazoezi alimkuta dereva ameketi ukingoni mwa kitanda, anamsubiri. Akasimama, akatembea, akarudi kwenye kitanda na jasho limemtoka, akaomba kalamu. Hatua nne, aliandika. Rekebisha. Ikawa hivyo kwa miezi mitatu. Kila siku alikwenda mazoezini kutafuta kosa kwenye daftari, na kila Jumatano alilipata. Aliandika jinsi mguu usiokuwepo unavyowasha usiku, jinsi ngazi za kushuka zilivyo mbaya kuliko za kupanda, jinsi mtu anavyoanguka na jinsi ya kuanguka vizuri. Upande wa raha nao haukusahauliwa. Dereva alitaka mguu wa mti wa msafirishaji uwe na tundu la siri la kuficha kisu. Bwana Wiki Sita alikubali kwa sharti kwamba kisu kipimwe, wakakipima kisu cha jikoni kwenye mizani ya watoto wachanga. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Siku dereva alipotoka hospitalini kwa miguu, mmoja wake na mmoja wa bandia kutoka jengo la pili, dada yake akimfuata nyuma na magongo yasiyo na kazi, hatukugombana kabisa, mimi na Bwana Wiki Sita. Tulikuwa tunalia.

Dereva amerudi barabarani siku hizi, kwenye lori lililobadilishwa vikanyagio, na kila Jumatano asipokuwa safarini yuko mezani kwetu. Ndiye atakayekuwa msimulizi kuanzia mwezi ujao.

Nisiwafiche, miezi hii ya mwisho mzee wetu hakuwa mwenyewe. Alisafisha kabati lililokuwa safi. Alimwonyesha fundi mpya mahali pa mkasi mara tatu kwa siku moja. Nilipomuuliza atafanya nini akistaafu, alisema kazi imekwisha na yeye amekwisha, akabadilisha mazungumzo.

Jumatano iliyopita alilikabidhi daftari kwa dereva mbele yetu sote. Dereva hakutoa hotuba. Alianza kulipitia ukurasa kwa ukurasa, kama anavyokagua lori kabla ya safari, na karibu na mwisho akasimama. Palikuwa na mstari mmoja wa zamani, ulioandikwa na mtu wa miaka arobaini na mitatu aliyeona uzee uko mbali: mhusika akitimiza miaka sitini, anaondoka mchezoni. Dereva akaniomba kalamu. Aliufuta mstari ule kwa mkwaju mmoja, akaacha nafasi tupu chini yake, akaligeuza daftari limtazame Bwana Wiki Sita.

“Hapa hatujui tuandike nini, mzee,” akasema. “Hakuna kati yetu aliyefika. Nenda ukaone, kisha uje utuambie.”

Bwana Wiki Sita alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji. Kisha akauliza kama anaweza kuanza kwa kukadiria, na wodi nzima ikamwambia hapana.

Kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wasukuma machela, jengo la pili na mifupa yote iliyoungana sawasawa kwa mikono yako, tunakushukuru kwa moyo mmoja. Mungu akupe afya, akupe usingizi wa mchana, akupe wajukuu wasiovunjika ovyo. Jumatano saa tisa tunakusubiri na kalamu.